Kurauka si Kukesha

Ndugu walimu wa Kiswahili, yapo makosa ambayo yakisha kuzoeleka huvikwa joho la wema, na atakayeyataja kwa jina lake huonekana mvivu au mpotoshaji wa vijana. Katika shule zetu nyingi za bweni, hapa Uganda na kwa jirani zetu pia, kosa moja la namna hiyo hupigiwa kengele kila siku saa kumi ya usiku. Watoto wa miaka 14 huinuliwa vitandani, giza likiwa halijaanza hata kupauka, wakaswagwa hadi madarasani na kufunguliwa vitabu, na mwalimu wa zamu akapita kati ya madawati akigonga meza kwa ufito ili vichwa visianguke. Wanafunzi hukiita kipindi hicho prepu. Wakubwa wao hukiita kurauka, na mzazi akisikia neno hilo hufurahi, kwani ni nani asiyetaka mwanawe awe mraukaji?

Nia ya makala haya ni kusema wazi kwamba huko si kurauka. Huko ni kukesha, na tofauti ya maneno hayo mawili sisi walimu wa lugha ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuilinda.

Tuanze na maneno yenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina kuamka, ambako ni kutoka usingizini wakati wowote. Kina kudamka na kurauka, ambako ni kuondoka kitandani mapema kunapokucha, mtu akiwa amekwisha kulala usingizi wake. Halafu kina kukesha, ambako ni kuupitisha usiku macho yakiwa wazi, iwe ni kwa ajili ya mgonjwa, msiba, ibada au ulinzi. Mraukaji na mkeshaji waweza kuwakuta wote wawili wamesimama barabarani saa kumi na moja alfajiri, na kwa mbali wakafanana. Lakini mmoja ameitoka haki yake ya usiku akiwa ameipokea, na mwingine amenyang'anywa. Mzungumzaji wa lugha hawachanganyi watu hao. Anayewachanganya ni mpanga ratiba.

Tuzitazame na saa zetu. Hesabu ya saa ya Kiswahili, ambayo pia ndiyo ya Kiganda, ya Kinyarwanda na ya Kirundi, na hata ya Waethiopia, huanza pale jua linapochomoza na pale linapotua. Saa moja asubuhi ni kusema kwamba saa moja ya mchana imekwisha kupita. Saa kumi ya usiku ni kusema kwamba saa kumi za usiku zimekwisha, na mbili bado zipo. Hizo mbili ni za nani? Lugha yasema ni za usiku. Hata hivyo nimekwisha kuona ratiba zaidi ya moja zilizobandikwa ukutani, nyingine kwa Kiswahili safi kabisa, zikisema: "Saa 10.00 asubuhi: kujisomea." Saa kumi asubuhi! Mwanafunzi akiandika hivyo katika insha tutamtia wino mwekundu. Mkuu wa shule akiandika hivyo, watoto mia nane wanatolewa vitandani.

Lipo jambo jingine ambalo wageni wanaojifunza lugha yetu hulistaajabia, na ambalo wengi wetu tumeliacha lipotee. Kwa hesabu ya kale ya pwani siku haianzi usiku wa manane, wala haianzi jogoo awikapo. Siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao Wazungu wangeuita usiku wa Alhamisi, na mpaka leo redio na magazeti yetu husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Fikirini maana yake. Usiku umewekwa mbele ya mchana. Ni mlango wa kuingilia kesho, na si makombo ya jana. Kwa hiyo mtu atakaye kurauka Ijumaa, Ijumaa yake imekwisha kuanza pale anapoketi kula chakula cha jioni, na saa ya kulala ndiyo kazi yake ya kwanza ya siku hiyo. Mpanga ratiba wetu ameigeuza hesabu hii: ameongeza saa upande wa alfajiri bila kuupunguza usiku upande wa magharibi, kama mtu akataye kitambaa ncha zote mbili kisha akashangaa kanzu haimfiki magotini.

Salamu zetu nazo zatushuhudia. Asubuhi Mswahili huuliza, "Umelalaje?" au "Umeamkaje?" Mganda huuliza, "Wasuze otya?" yaani usiku umekupitiaje. Mnyarwanda husema "Mwaramutse," akiutaja usiku aliouvuka mwenzake. Katika salamu hizi zote hakuna hata moja imwulizayo mtu, "Umeamka saa ngapi?" Wazee walijua kwamba hali ya mtu asubuhi hutokana na namna alivyolala, na saa aliyonyanyuka ni habari ndogo tu.

Sasa tuifanye hesabu, maana ubishi bila hesabu ni kelele. Katika shule ninazozifahamu, masomo ya usiku huisha saa nne. Mtoto akaoge, afue soksi, apange vitabu, taa zizimwe saa nne na nusu. Kengele hulia saa kumi. Hizo ni saa 5 na nusu. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika mapendekezo yao ya mwaka 2016, walisema kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12. Tuchukue kiwango cha chini kabisa, saa 8. Kila usiku mtoto wetu amedhulumiwa saa 2 na nusu. Tukihesabu usiku 6 tu katika juma, tukamwachia ule mmoja, hizo ni saa 15. Katika muhula wa majuma 12 ni saa 180. Ukizigawa kwa 8 wapata usiku 22 na nusu. Ni kama kumwambia mtoto: muhula huu utakesha zaidi ya majuma matatu mfululizo, usipate hata lepe la usingizi, kisha utafanya mtihani.

Najua majibu yatakayotolewa. Nimekwisha kuyasikia katika vikao vya walimu na vya wazazi, nami nitayachukua moja moja.

Hoja ya kwanza husema kwamba babu zetu waliamka na majogoo, nasi tunalea vijana walegevu. Ni kweli babu zetu waliamka na majogoo. Lakini walilala saa ngapi? Jua likitua saa kumi na mbili, chakula kililiwa, hadithi mbili tatu zikasimuliwa motoni, na kabla ya saa tatu boma lote lilikuwa kimya. Aliyeamka saa kumi na moja alikuwa amekwisha kulala saa 8. Mvuvi wa pwani anayetoka na maji alfajiri, na mama aumuaye unga wa mahamri kabla ya adhana, hujinyoosha mchana jua linapokuwa kali. Na hata leo maduka mengi ya mji mkongwe wa Unguja hufungwa adhuhuri kisha yakafunguliwa tena alasiri. Anayetaka kurithi alfajiri ya babu yake sharti arithi na jioni yake. Urithi hauchukuliwi nusu.

Hoja ya pili ni ya matokeo. Huambiwa kwamba shule zinazoongoza katika mitihani ya taifa ndizo zinazoamsha mapema. Lakini shule hizo pia ndizo zinazochagua wanafunzi wenye alama za juu tangu mlangoni, ndizo zenye vitabu, maabara na walimu wa kutosha. Na kengele hiyohiyo ya saa kumi hulia katika shule nyingi ambazo matokeo yake hatuyataji hadharani. Kama kengele ndiyo ingekuwa sababu, basi zote zingefaulu. Mwenye shamba la udongo mzuri akivuna vizuri, jirani yake hamuigi kwa kununua kofia kama ile aliyoivaa siku ya kupanda.

Zaidi ya hayo, wenye hoja hii husahau kuwa kuketi mbele ya kitabu ni jambo moja na kujifunza ni jambo jingine. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba ubongo wa mtu aliyelala haukukaa bure. Wakati huo ndipo yaliyosomwa mchana hupangwa na kuimarishwa kumbukumbuni. Mtoto aliyefundishwa ngeli ya KI-VI saa nane mchana, akalala vizuri, kesho yake huikuta ngeli hiyo imetulia. Aliyefundishwa kisha akanyimwa usingizi huja na kitabu kilichoandikwa na kichwa kilichofutika, nasi hurudia somo lilelile na kulalamika kwamba kizazi hiki hakisikii.

Hoja ya tatu ni ya uvivu. Ajizi ni nyumba ya njaa, wasema, na kijana asiyetaka kuamka ni mvivu. Hapa ndipo tunapowaonea watoto bila kujua. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, akaona kwamba majani yake yaliendelea kufunguka na kujifunga kwa zamu ya mchana na usiku ingawa jua halikuyafikia. Kumbe kiumbe hubeba saa yake ndani. Tangu hapo uchunguzi umeendelea mpaka Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Kwa binadamu saa kuu imo ubongoni, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na kinachoirekebisha kila siku ni mwanga unaoingia machoni.

Sasa, saa hiyo haiendi sawa katika umri wote. Uchunguzi wa Mary Carskadon wa Marekani na wenzake, ulioanza katika miaka ya 1970, ulionyesha kwamba mtoto anapobalehe saa yake ya ndani husogea mbele. Homoni ya usiku iitwayo melatonini huchelewa kutoka, usingizi huchelewa kuja, na asubuhi huchelewa kuondoka. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba kijana hahitaji usingizi mdogo sana kuliko alipokuwa mtoto, kama tulivyozoea kudhani. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayeamshwa saa kumi yuko mahali ambapo mwalimu wake wa miaka 50 angekuwa kama angeamshwa saa nane usiku. Mwalimu huyo, ambaye kwa umri wake usingizi humwacha mapema, humsimamia kijana na kumwita mvivu. Huo ni uzee kuusifia uzee wenyewe.

Hoja ya nne husema kwamba tunawazoeza nidhamu ya maisha. Sikatai nidhamu. Lakini nidhamu ni mtu kujitawala, na mwenye kuinuliwa kila siku kwa kengele na ufito hajajitawala hata siku moja. Mtazameni mwanafunzi huyo akifika likizoni: hulala usingizi wa pono hadi saa tano, na mama yake hulalamika kwamba shule haikumfunza kitu. Kama miaka 6 ya kengele ingekuwa imemfunza kurauka, angerauka. Mwili unadai deni lake, na deni hulipwa.

Yapo na madhara ambayo hayahitaji darubini kuyaona. Serikali yetu tangu mwaka 2013 imegawa vyandarua vya mbu kwa kampeni za nchi nzima, na kila mwanafunzi wa bweni hutakiwa kuja na chake. Mbu wa malaria ni mbu wa usiku. Huuma zaidi baada ya usiku wa manane hadi karibu na kucha. Nasi saa kumi humtoa mtoto chini ya chandarua chake, tukamkalisha na miguu wazi chini ya dawati. Watoto wa kutwa nao, hasa wadogo wa shule za msingi mijini, husimamishwa kando ya barabara gizani kungoja basi la shule, au hupakiwa watatu nyuma ya bodaboda. Kisha tukiwaona wanasinzia saa nne asubuhi tunawaambia wakasimame nyuma ya darasa.

Nina neno kwa wenzangu wa magharibi ya nchi hasa. Saa ya ukutani ni amri ya serikali, lakini jua halina serikali. Kati ya Mombasa na Kabale pana karibu nyuzi 10 za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Kwa hiyo jua hufika Kabale dakika karibu 40 baada ya kufika Mombasa, ingawa saa za miji yote miwili husomeka sawa. Kabale jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi. Vukeni mpaka pale Gatuna muingie Rwanda: jua ni lilelile, vilima ni vilevile, lakini saa imerudi nyuma kwa saa moja nzima. Mtoto wa Kabale anapoamshwa saa kumi, saa ya jirani yake ng'ambo ya mpaka yasema saa tisa ya usiku. Na saa ya jirani ndiyo iliyo karibu zaidi na jua. Ratiba iliyoigwa kutoka shule ya pwani au ya Nairobi, ikibandikwa Kabale au Kisoro bila kufikiri, humwibia mtoto zaidi ya ilivyomwibia yule wa kwanza.

Isidhaniwe kwamba haya ni mawazo ya mtu mmoja apendaye kitanda chake. Nchini Kenya Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka vipindi vya shule za kutwa kuwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Nchini Rwanda Baraza la Mawaziri liliamua mwezi wa Novemba 2022 kwamba kuanzia Januari 2023 shule zianze saa mbili na nusu asubuhi na kazi za ofisi zianze saa tatu, likitaja ubora wa elimu na ustawi wa jamaa nyumbani. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu, na jimbo la California lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2019 kwa shule zake za sekondari ya juu, ikaanza kutumika Julai 2022. Yawezekana mtu akabisha juu ya saa hizi. Wazazi wanaowahi kazini wana shida zao za kweli, nazo zisikilizwe. Lakini hakuna hata mmoja katika hao aliyetunga sheria ya kuanza masomo saa kumi ya usiku. Hiyo tumejitungia wenyewe, bila bunge.

Sasa nifike mahali panapotuuma sisi wenyewe. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia. Lakini somo likiingia shuleni limechelewa, hukuta viti vimekwisha kukaliwa. Hisabati imeshika asubuhi, Kiingereza kimeshika saa nne, sayansi zimeshika maabara. Kiswahili hupewa kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni kipindi cha giza. Nimefundisha katika shule moja ambako nilipangiwa vipindi viwili vya Kiswahili kwa juma, vyote viwili kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba lugha ni somo jepesi, halihitaji akili iliyochangamka.

Jibu hilo tusilipokee. Mtoto anayekutana na lugha mpya kila mara akiwa na usingizi, baridi na njaa, ataishika lugha hiyo pamoja na usingizi, baridi na njaa yake. Wengi wa wanafunzi wetu wamesikia nyumbani kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya amri za askari. Wamekuja na shaka moyoni. Halafu tunawangoja gizani na ufito mkononi. Je, tutawalaumu wakisema kuwa lugha hii ni ya kuamrishwa? Wahenga walisema, alalaye usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Sisi tumewaamsha, na somo letu ndilo linalolala.

Msomaji atauliza: je, wamaanisha tuache kurauka? La hasha. Asubuhi ni njema. Hewa ni safi, akili ya aliyelala ni nyepesi, na mtu aliyetanguliza kazi yake kabla ya zogo la mchana huwa na nusu ya ushindi. Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Ninachosema ni kwamba uraukaji hujengwa, na ujenzi wake una utaratibu. Hizi hapa ndizo kanuni zake kwa ufupi, kwa mwalimu na kwa mwanafunzi mkubwa pia.

Kwanza, saa ya kuamka iwe moja siku zote saba. Anayeamka saa kumi na mbili siku za kazi, kisha Jumapili akalala hadi saa nne, ni kama aliyesafiri nchi ya mbali na kurudi kila mwisho wa juma. Jumatatu mwili wake haujawasili. Pili, usivute saa nzima kwa mkupuo. Bandu bandu huisha gogo: sogeza dakika 15, kaa nazo siku tatu, kisha sogeza nyingine. Aliyezoea kuamka saa moja na nusu atafika saa kumi na mbili kwa hatua 6, yaani siku 18. Na kila anaposogeza asubuhi, asogeze na jioni kwa kiasi hichohicho. Tatu, ukiamka toka nje uonane na mwanga wa jua mapema iwezekanavyo, kwani mwanga wa asubuhi huivuta saa ya ndani nyuma, na mwanga wa usiku huisukuma mbele. Kwa sababu hiyo taa kali na simu ya mkononi zipewe likizo saa moja kabla ya kulala. Nne, chai ya rangi na kahawa ziishie adhuhuri au baada yake kidogo. Baada ya saa 5 hivi, karibu nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini. Tano, ukisinzia mchana jinyooshe dakika 20, usizidishe, na iwe kabla ya saa tisa.

Wapo ambao kanuni hizi haziwafai kwa sasa: muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi, mama mwenye mtoto mchanga. Tena watu hawakuumbwa sawa. Wengine kwa asili ni wa asubuhi na wengine ni wa jioni, na mtu aweza kusogezwa kidogo lakini hageuzwi akawa mwingine. Hao wasihukumiwe na majirani walioamka kabla yao.

Mtaona kwamba katika kanuni zote hizo hakuna kengele ya saa kumi. Imekosekana kwa sababu haina kazi pale. Kijana anayelala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na mbili kasorobo amepata saa 8 na robo, naye aweza kusoma dakika 45 kabla ya uji, macho yake yakiwa yake mwenyewe. Kinachotakiwa ni kuifupisha prepu ya usiku na kuifuta ile ya giza. Ni amri ya mstari mmoja katika ratiba, wala haihitaji fedha ya wafadhili.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yajadiliwe katika mkutano wetu mkuu ujao. La kwanza, chama kitamke rasmi kwamba hakuna mwanafunzi apaswaye kuamshwa kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, na tamko hilo lipelekwe wizarani na kwa vyama vya walimu wakuu. La pili, wanachama wote wakatae kwa heshima kufundisha kipindi chochote cha Kiswahili kabla ya kucha, na tawi la wilaya limtetee mwanachama atakayesumbuliwa kwa kukataa. La tatu, ambalo halihitaji kura: kila mmoja wetu aende shuleni kwake Jumatatu, aisome ratiba iliyobandikwa ukutani, na pale palipoandikwa "saa 10.00 asubuhi" achukue kalamu nyekundu aandike neno sahihi, "usiku". Mkuu wa shule akiuliza, mwelezeni kwamba mmesahihisha lugha. Kisha mngojeni mfanye naye mazungumzo juu ya maana yake.